Marimba ya Chamwino: miezi saba, njiti 15 na karatasi ya buibui

Marimba hii, ala ya njiti za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, niliinunua Julai mwaka jana kwa fundi mzee wa Chamwino Ikulu, kilomita 30 na kitu kutoka Dodoma mjini ukifuata barabara ya Dar es Salaam. Nililipa shilingi 45,000. Haikuwa na boksi, risiti wala karatasi ya maelekezo. Fundi aliifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, akampa binti yangu mkononi, akamwambia asiiweke juani.

Naandika baada ya kuitumia karibu kila siku kwa miezi saba, kwa sababu siku kitu kinapotoka dukani kila kitu ni kizuri. Wazazi wenzangu watatu wa darasa la nne wameshaniuliza nimeipata wapi na kama inafaa. Inafaa sana. Ina kasoro pia, na nitazitaja zote, maana 45,000 ni hela ya mboga ya siku nyingi.

Mimi ni mpima ardhi. Tangu Serikali ihamie Dodoma, na mji upandishwe hadhi kuwa jiji Aprili 2018, kazi yetu haijalala: leo Nala, kesho Ihumwa, wiki ijayo kambi porini upande wa Bahi. Nakaa huko siku kumi, siku kumi na nne, narudi na vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio. Binti yangu ana miaka tisa. Mwaka jana katikati nilirudi nyumbani Ilazo usiku mmoja, akaniambia, "Shikamoo baba," nikaitika, akarudi kwenye televisheni. Hakuwa amekosa adabu. Alikuwa amezoea. Hilo liliniuma kuliko kama angekuwa amenuna.

Nilianza kwa kununua kinanda cha betri, kile cha plastiki chenye vitufe vyeupe na vyeusi, shilingi 38,000 kwenye duka moja mjini. Kina nyimbo zake ndani. Ukibonyeza kitufe chekundu kinapiga chenyewe, taa zinawaka, na mtoto anakaa pembeni anakitazama. Siku ya tatu nilimkuta amekiwasha na anachora kitu kingine kabisa. Kilikuwa hakimhitaji yeye, na hakikunihitaji mimi.

Aliyetuelekeza Chamwino ni mama mkwe wangu, bibi yake binti, anayeishi Mvumi. Mimi ni Mpare wa Same, mke wangu ni Mgogo, na mtoto wetu ni wa Kiswahili tu. Bibi alikuja kututembelea, akakiona kile kinanda, akasema kwa upole: "Baba, huyu mjukuu wangu anakaa Ugogo na hajawahi kushika ilimba." Ilimba ndilo jina la marimba kwa Cigogo. Jumamosi iliyofuata tukapanda daladala watatu, mimi, mke wangu na binti.

Ukifika Chamwino usitafute duka. Uliza mtu yeyote barabarani wapi wanatengeneza marimba na zeze, utapelekwa. Kijiji kile kina jina kwa muziki, na Tamasha la Muziki wa Cigogo hufanyika hapohapo. Fundi wetu tulimkuta chini ya mkwaju, amekaa kwenye kigoda, anaponda spoku ya baiskeli kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Akatusalimu "Mbukwenyi." Mke wangu akaitika. Binti akajificha nyuma ya mguu wangu.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niamini kwamba sikununua pambo. Mzee alimwekea binti marimba tatu juu ya mkeka, akamwambia afumbe macho. Akapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja njiti zilezile chache. "Mjukuu wangu, ipi inakuita?" Binti akasema ya pili, kwa sababu "ina nyuki ndani." Mzee akacheka kwa furaha kabisa, akaigeuza, akatuonyesha huyo nyuki.

Nieleze kidogo ilivyo. Ni sanduku la mbao, refu kama daftari kubwa na pana kama viganja vyangu viwili, limechongwa kutoka mti mwepesi wenye rangi ya maziwa yaliyoungua. Juu yake zimepangwa njiti 15 za chuma, zimepondwa bapa kwenye ncha ili kidole gumba kikae. Njiti zinapita juu ya daraja dogo la chuma na kukandamizwa na chuma kingine kilichofungwa kwa waya. Njiti ndefu ziko katikati, fupi zinapanda pembeni kulia na kushoto. Ukishika sanduku kwa mikono miwili, vidole gumba ndivyo vinavyopiga. Kwenye ubao wa mbele pana tundu dogo, upana wake kama punje ya mahindi, na juu ya tundu imebandikwa karatasi nyeupe nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Hiyo karatasi ni utando wa buibui, kile kifuko bapa anachokisuka ukutani kutunzia mayai yake. Unabandikwa kwa nta. Njiti inapolia, hewa ndani ya sanduku inatikisa ule utando, nao unaongeza mvumo wake juu ya sauti. Bila utando marimba inalia safi kama kengele. Ukiwepo, inavuma kama mtu anayeimba na midomo imefumba.

Binti alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Buibui wenyewe wako wapi?" Mzee akasema, "Wamehama. Nyumba ikishatumika huwa hawaitaki tena. Na wewe ukichukua, chukua iliyoachwa."

Kabla hatujaondoka alituletea marimba yake mwenyewe kutoka ndani, kubwa, ina njiti zaidi ya 30. Akamwambia binti aangalie zile za pembeni kabisa ambazo yeye hazipigi. Akachana kipande cha karatasi kidogo kama ukucha wa mtoto, akakikalisha juu ya njiti moja ya pembeni, halafu akapiga njiti nyingine mbali nayo. Karatasi ikaruka. Hakuna aliyeigusa ile njiti. Akarudia kwa njiti isiyolingana nayo, karatasi ikatulia. Binti alimwomba arudie mara sita, na mara zote sita mzee alirudia, bila haraka na bila kuonyesha kuchoka. Nimesoma fizikia mpaka chuo na somo la kitu kutikiswa na sauti ya kingine nililipata ubaoni kwa chaki. Mwanangu amelipata chini ya mkwaju kwa kipande cha karatasi ya daftari, na hatalisahau.

Sasa niseme ilivyo kuishi nayo.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Vidole gumba vinauma, na njiti mbili zilikuwa na ncha kali zilizomkwaruza binti mpaka damu ikatoka kidogo. Hii ni kasoro ya kwanza na ni ya kweli: pitisha msasa laini kwenye kila ncha kabla mtoto hajaanza. Mimi nilipitisha siku ya nne, nilipaswa kupitisha siku ya kwanza.

Hakuna aliyetufundisha kupiga, na hapo ndipo jambo lilipoanza kunoga. Mimi sikujua, yeye hakujua. Nyumbani kwetu mambo yote mengine mimi ndiye najua na yeye ndiye anaulizwa: hesabu, kusoma, kufunga kamba za viatu. Hapa tulikaa kwenye jamvi barazani, wote wawili wanafunzi, na baada ya wiki mbili yeye akanipita kwa mbali. Nilipotoka kambini Bahi alinifundisha mpangilio wa njiti nne, kulia, kushoto, kulia, kulia, akinishika kidole na kukipeleka. "Hapana baba, usiibonyeze, iteleze." Nimefundishwa na wahandisi na maprofesa, na sidhani kama nimewahi kusikiliza kwa makini namna ile.

Njiti husogea. Hii wengine wataiita kasoro, na mimi niliiita hivyo mwanzoni. Ukiipiga sana, au ukiisafirisha, njiti moja inateleza mbele au nyuma chini ya ule waya na sauti inapotea. Ukiigonga taratibu kutoka mbele inarudi nyuma, sehemu inayocheza inakuwa fupi, sauti inapanda. Ukiivuta mbele inakuwa ndefu, sauti inashuka. Binti akaanza kuniuliza: inapanda kiasi gani? Swali la kipimo, kwa mpima ardhi!

Nikatoa rula. Tukachukua spoku moja iliyopondwa, fundi alitupa mbili za akiba bure, tukaibana kwenye ukingo wa meza kwa kibanio, ikatokeza sentimita 8. Tukaifyatua. Simu yangu ina programu ya kupima sauti, ikasoma mitetemo kama 125 kwa sekunde. Nikamwambia tukate urefu nusu, sentimita 4, itasoma ngapi? Akapiga hesabu akasema 250. Mimi mwenyewe ningejibu vile kama nisingekuwa na kumbukumbu ya chuo. Simu ikasoma karibu 500. Alidhani simu imeharibika. Tukarudia. Tukatandaza mshipi wa kuvulia samaki kati ya misumari miwili kwenye ubao, tukaupima, tukaubana katikati: ule ukapanda mara mbili tu, kama alivyotegemea. Kwa hiyo uzi, kama ule wa zeze, ukiufupisha nusu mitetemo inakuwa mara 2, na njiti iliyobanwa upande mmoja inakuwa mara 4. Ameandika hayo kwenye daftari lake kwa mkono wake, na chini yake ameandika: "Chuma kina haraka kuliko uzi." Sentensi hiyo sikumsahihisha.

Ndiyo maana fundi akigonga njiti kidogo tu, upana wa unywele, sikio linasikia tofauti. Binti sasa ana kijinyundo chake, kipande cha mti wa fagio, na kila Jumapili asubuhi analinganisha sauti. Mimi namshikia sanduku. Kazi yangu ni kushika sanduku na kunyamaza.

Kile kinanda cha betri hakikutupwa. Tulipofikisha miezi mitatu na marimba alikileta barazani kutafuta sauti za marimba kwenye vitufe vyake. Alianzia kwenye kitufe kilichokaribiana na njiti nene, akaendelea. Sauti nne akazipata, au karibu yake. Ya tano hakuipata. Kitufe kimoja kilikuwa chini mno, cha jirani yake kilikuwa juu mno. Akaniambia mzee kakosea. Hakukosea. Muziki wa Wagogo una ngazi ya sauti tano zinazotoka kwenye zile sauti za asili zilizojificha ndani ya sauti moja nene, zilezile ambazo waimbaji wa Kigogo huzitoa kooni, na mojawapo haimo kwenye kinanda chochote cha kawaida. Nilipomweleza hivyo alikitazama kile kinanda kwa huruma, akasema, "Basi chenyewe ndicho kimepungukiwa."

Mtoto wa Dodoma anatakiwa kulijua hili mapema. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka huku kwetu, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akasikika na marimba na zeze mpaka Ulaya. Watu walivuka bahari kuja kuisikiliza ile sauti ya tano. Mtoto asiambiwe kwamba sauti ya nyumbani kwao ni makosa ya fundi.

Kuna mchezo tumeubuni ambao nadhani ndio umetuunganisha kuliko yote, na wazazi wengine wanaweza kuuchukua hata bila marimba, kwa kugonga sufuria. Yeye anachagua methali kimyakimya. Ananiambia, "Kitendawili!" Naitika, "Tega!" Kisha anapiga njiti moja kwa kila silabi, na silabi yenye mkazo, ile ya pili kutoka mwisho wa neno, anaipiga kwenye njiti nene. Hasemi neno. Mimi nakisia. "Haraka haraka haina baraka" ni rahisi mno, inakwenda tatu tatu tatu tatu kama mtu anatembea. "Haba na haba hujaza kibaba" ina 11, unaitambua kwa ile "na" iliyokaa peke yake mapema. Kwa njia hii amejifunza silabi na mkazo bila mimi kumtamkia neno mkazo, na methali zake zimetoka nne za shuleni mpaka zaidi ya 40, kwa sababu anatafuta mpya za kunishinda. Anampigia simu bibi Mvumi kuziomba.

Alinishinda vibaya Novemba. Nilikuwa kambini, akanitumia sauti ya WhatsApp: silabi tatu, moja, mbili. Mkazo kwenye ya pili, halafu kwenye ya tano. Nikajibu, "Akili ni mali." Akajibu kwa furaha kubwa, "Umekosa! Ni Umoja ni nguvu!" Nikakaa juu ya sanduku la vyombo vya kupimia, chini ya mbuyu, nikazihesabu zote mbili kwa vidole. A-KI-li ni MA-li. U-MO-ja ni NGU-vu. Ni mapigo yaleyale kabisa. Tangu nianze kuongea Kiswahili sikuwahi kuligundua hilo. Jioni ile tulizungumza kwa simu dakika 50 kuhusu kama kuna methali nyingine pacha, mpaka salio likakata. Mwaka mmoja nyuma simu zetu zilikuwa za dakika moja: umekula, umelala, mpe mama.

Bibi alipokuja Desemba alimsikia akipiga, akaomba ndoo tupu ya plastiki. Akaibana kati ya mapaja yake, akaanza kuipiga kwa viganja. Kwa Wagogo ngoma ya muheme ni ya wanawake, wao ndio wapigaji, na bibi aliipiga ujanani. Mke wangu aliacha vyombo akaja akasimama mlangoni, hajawahi kumwona mama yake akipiga tangu akiwa mdogo. Bibi akaimba kwa Cigogo, binti akamfuata kwa njiti mbili tu, na mke wangu akaanza kuitikia. Binti aliuliza kila neno maana yake. Mpaka bibi anaondoka alikuwa na maneno ya Cigogo kama 60, ameyaandika nyuma ya daftari lile lile la vipimo.

Sasa kasoro nyingine, maana sitaki mtu aje kunilaumu.

Kutu. Mvua za Desemba zilipoanza, njiti tano zilishika kutu ndani ya wiki mbili. Tunazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila tunapomaliza, na vidole vinaoshwa kabla ya kula. Ni kazi ya dakika mbili, ila usipoifanya utaharibikiwa.

Mbao hupasuka. Hewa ya Dodoma kati ya Juni na Novemba inakausha hata midomo, na Oktoba sanduku lilitoa ufa mwembamba kama unywele kwenye kona. Tuliziba kwa gundi ya mbao. Haujaongezeka, lakini upo. Mzee alishasema isiwekwe juani, na siku moja tuliisahau dirishani.

Utando. Huu ulichanika mara mbili. Mara ya kwanza kidole cha mdogo wake kilipita moja kwa moja. Mvumo ukafa, binti akalia machozi ya kweli. Nilitaka kumpigia fundi. Yeye akajifuta, akaenda na tochi nyuma ya tenki la maji, ambako ukuta haujapigwa rangi. Tukamaliza jioni nzima kwa magoti. Kuna buibui bapa wa kijivu wanaokaa kwenye kuta zetu, nyumba yao ni duara jeupe limebandikwa ukutani, saizi ya sarafu. Tulikuta saba. Akagusa kila moja kwa unyoya wa kuku kuona kama kuna mtu ndani. Nne zilikuwa na wenyewe, akaziacha. Tatu zilikuwa tupu. Moja tuliibandua kwa wembe ikachanika. Ya pili ikatoka nzima, nyeupe, nyepesi kiasi kwamba pumzi yangu iliipeperusha na tukaitafuta kwenye nyasi. Tuliyeyusha nta kwenye kijiko, akazungushia tundu kwa njiti ya kiberiti, akaulaza utando, akabonyeza pembeni kwa ncha ya kidole huku ameziba pumzi. Akaupa dakika. Akapiga njiti nene. Nyuki akarudi.

Hakuna kitu nimewahi kumnunulia mtoto ambacho kilipoharibika kilitupa jioni kama ile. Kinanda cha betri kikifa, kinakufa.

Kuhusu pa kununua. Nilijaribu pia marimba ya 20,000 kwenye duka moja la mapambo, nikidhani nitampa mpwa wangu. Imepakwa rangi vizuri, imechorwa twiga, na njiti zake zimepangwa kwa macho tu: mbili za jirani zinatoa sauti moja, na ya pembeni haitoi kitu. Tundu lipo lakini halina utando wala alama ya nta. Tulijaribu kuilinganisha, waya umelegea na hauwezi kukaza. Hiyo ni ya ukutani. Ukinunua popote, fanya kama mzee alivyomfanyia binti: piga kila njiti, sikiliza ukiwa umefumba macho, kisha igeuze utafute utando. Muulize muuzaji kama anaweza kuisogeza njiti moja na kuirudisha mbele yako. Aliyeitengeneza ataifanya huku anakuangalia usoni.

Umri: miaka saba kwenda juu kwa kupiga. Mdogo wake ana minne, yeye tunamwachia kugonga kibao cha nyuma kwa vidole kama ngoma, akiwa amepakatwa. Asiachiwe peke yake, njiti ni chuma. Mzazi mwenye haraka ya kuona mtoto anapiga wimbo kamili wikendi ya kwanza asinunue, atakasirika na mtoto atajua. Na mzazi anayetaka kitu cha kumshughulisha mtoto ili yeye apumzike, hii siyo. Inahitaji mtu wa kushika sanduku, mtu wa kukisia methali, mtu wa kumulika tochi nyuma ya tenki. Kwa upande wangu hilo ndilo nililolipia, ila sikulijua siku ile ninatoa hela.

Naipa alama tisa kati ya kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya zile ncha, maana damu ya mtoto ni damu.

Tumeagiza ya pili. Binti anasema moja haitoshi watu wawili, na yangu iwe na sauti nene kuliko yake. Fundi ametuomba tumpelekee spoku, kwa hiyo tumezunguka kwa mafundi baiskeli wa mtaani kwetu tukapata 22, ziko kwenye kopo la Blue Band, zimepangwa kwa urefu. Jumamosi tunakwenda. Jana usiku binti alichukua simu ya mama yake, akanituma nje, akaniambia nisimame getini niite jina lake kama ninavyoita nikirudi kutoka kambini. Akairekodi. Anataka mzee aisikilize, ili ajue njiti nene ianzie wapi.